Hamsini ya Kuingia au ya Kubana? Hotuba kwa mafundi na wachoraji kuhusu vipimo na ruhusa zake

Mabibi na mabwana, mafundi wa leithi na wa kuchomelea, wachoraji, nanyi vijana mnaosomea ufundi, hamjambo. Kila saa mliyoacha mashine kuna kazi ya mtu inangoja, kwa hiyo hatutazunguka.

Mchoro wa shafti unafika karakana, iwe Shimanzi au Changamwe. Mahali pa kukalia beringi pameandikwa Ø50, yaani kipenyo cha milimita 50, basi. Fundi anautazama, anainua kichwa, anauliza: hamsini ya kuingia au hamsini ya kubana? Ni swali la haki. Aliyechora huenda alikuwa na jibu kichwani, huenda hakuwa nalo, lakini karatasi haikulibeba. Fundi atajijibu mwenyewe kwa mazoea, na siku beringi itakapoanza kuzunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, hapo ndipo lawama zitakapoanza kutafuta mwenyewe.

Hamsini kamili haijawahi kukerezwa na mtu. Chukua shafti nzuri kuliko zote, ipime kwa chombo kikali, utakuta 50.003 huku na 49.996 kule. Kwa sababu hiyo mchoro una maneno mawili ya kusema: kata kiasi gani, na ukikosea hadi wapi kazi bado ni nzima. Hilo la pili ndilo toleransi, ambayo leo tutaiita ruhusa. Fundi wa jahazi anaijua ruhusa yake bila karatasi. Anaacha mwanya kati ya ubao na ubao, anautia pamba na mafuta, chombo kikishuka majini mbao zinavimba na mwanya unaziba. Chuma hakivimbi majini, na beringi haina kalafati. Mwanya ulioachwa utabaki hivyo hivyo mpaka uongezeke.

Tushike kipande kimoja: shafti ya pampu ya maji, yenye beringi mbili namba 6310. Namba hiyo duka lolote la beringi wanaijua: tundu milimita 50, kipenyo cha nje 110, unene 27. Kiwanda cha beringi nacho kina ruhusa yake. Kwa daraja la kawaida, tundu linaweza kuwa popote kati ya 49.988 na 50.000, wala halizidi hamsini hata kidogo. Ruhusa yote imewekwa upande wa chini kwa makusudi, ili wewe mwenye shafti ndiye uamue kubana au kulegeza.

Katika pampu hii shafti inazunguka na mzigo unasukuma upande mmoja daima, kwa hiyo pete ya ndani lazima ibane. Andika 50 k6. Katika mfumo wa ISO 286, kanuni ya kimataifa ya ruhusa za shafti na matundu, herufi inasema ruhusa imekaa wapi ukilinganisha na kipimo kilichotajwa, na namba inasema ni pana kiasi gani. Herufi ndogo ni ya shafti, kubwa ni ya tundu. Kwa hamsini, k6 ni +0.018 na +0.002, maana yake shafti iwe kati ya 50.002 na 50.018. Iweke pamoja na tundu la beringi: mbano mdogo kabisa ni 0.002, mkubwa ni 0.030. Ruhusa nzima ya fundi ni 0.016, yaani mikroni 16, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho jicho halina habari nacho.

Fundi akiona shafti inaingia kwa tabu akafurahi, akaiacha kwenye 50.030 ili “ikamate vizuri”, mbano unaweza kufika 0.042. Pete ya ndani inatanuka na kula nafasi iliyopo kati ya mipira na njia zake. Beringi ya kawaida ya ukubwa huu ina nafasi ya ndani ya mikroni 6 hadi 23 tu. Ile yenye alama C3 ina 18 hadi 36. Sehemu kubwa ya mbano hula nafasi hiyo. Beringi inawaka moto siku ya kwanza, mteja anaambiwa duka limemuuzia beringi bandia. Bandia zipo, hatukatai, lakini nyingi zinazosingiziwa ziliuawa na shafti.

Upande wa nyumba ya beringi hali ni tofauti, na hapa wachoraji wengi huteleza kwa kubana kote kuwili. Andika 110 H7, yaani kati ya 110.000 na 110.035. Pete ya nje ni kati ya 109.985 na 110.000, kwa hiyo mwanya ni sifuri hadi 0.050. Inakaa, lakini inaweza kuteleza kwa urefu, na kuteleza huko kunahitajika. Shafti yenye milimita 300 kati ya beringi, ikipata joto nyuzi 40 zaidi ya nyumba yake, inarefuka karibu 0.14. Ukiwa umefunga beringi zote mbili kwa vifuniko pande zote, urefu huo hauna pa kwenda, beringi zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Funga moja. Ya pili iache ielee, na kwenye mchoro onyesha kwa kipimo ule mwanya kati ya pete na kifuniko, usiuache uwe bahati ya mkusanyaji.

Kuna kona moja ambayo haipewi heshima yake. Beringi inaegemea bega la shafti, na pale bega linapokutana na kikalio lazima pawe na mviringo mdogo, maana kona kali ni mahali pa ufa kuanzia. Lakini kona ya pete ya 6310 imezungushwa kwa milimita 2. Mviringo wa shafti ukizidi hapo, beringi inapanda juu ya mviringo kabla ya kufika begani. Itaonekana imefika. Ukipitisha karatasi nyembamba ya geji kati ya pete na bega, itapita. Kwa hiyo mchoro useme R1.5, yaani nusu kipenyo cha mviringo ni 1.5, na bega lisipungue kipenyo cha 61. Sisi tungeandika 62. Mviringo usipoandikwa, fundi ataacha ule wa ncha ya kisu chake, wowote ule.

Sasa sogea upande wa kapilingi, kile kiungo cha shafti na mashine inayoizungusha. Baada ya beringi kuna sili ya mafuta kwenye kipenyo cha 45. Mchoraji aliyejifunza k6 jana ataandika k6 hapa pia, na huko ni kumtesa fundi bure. Mdomo wa sili ni mpira na una springi yake, unajirekebisha. h11 inatosha, yaani 45.000 hadi 44.840. Mikroni 160, mara kumi ya ruhusa ya beringi! Kinachotakiwa hapo kwa ukali ni ulaini wa uso: Ra, yaani kipimo cha mikwaruzo ya uso kwa mikroni, kati ya 0.2 na 0.8, uliosagwa bila mistari ya kupinda. Kisu cha leithi huacha mstari mmoja mrefu unaozunguka kama uzi wa bolti, na msasa ukivutwa kushoto na kulia hufanya vivyo hivyo. Shafti ikizunguka, uzi huo unapampu mafuta nje taratibu, sili mpya juu ya sili mpya. Andika Ra, na andika “bila mstari wa kuzunguka”. Mchoro wenye k6 bila Ra mahali hapa umekazwa palipo sipo na umelegezwa palipo ndipo.

Kikalio cha kapilingi ni 42 k6, na kina njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachozuia kapilingi isiteleze juu ya shafti. Kwa shafti ya 42, kii ni upana 12 na kimo 8. Njia inaingia 5 ndani ya shafti, na 3.3 ndani ya kapilingi. Kosa la kila siku ni kuandika kina cha 5 kuanzia juu ya mviringo. Ukishachimba njia, ule uso wa juu haupo tena, utaweka wapi kalipa? Pima kutoka upande wa pili: chini ya njia hadi mgongo wa shafti, 37, ruhusa 0 na −0.2. Kwenye kapilingi ni 45.3, ruhusa +0.2 na 0. Kipimo ambacho fundi hawezi kukifikia kwa chombo kisiandikwe.

Hata vipenyo vyote vikiwa sahihi, shafti inaweza kuwa mbovu. Kila kikalio kinaweza kuwa duara safi na vitovu vyao visiwe kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana kuna ruhusa za umbo na mahali, zile alama zinazowekwa ndani ya visanduku. Hapa tunataja msingi wa kupimia: vikalio viwili vya beringi ni A na B, na kikalio cha kapilingi kisiyumbe zaidi ya 0.02 ukizungusha shafti juu ya A na B. Mbona msingi ni vikalio, si zile senta za mwishoni? Kwa sababu kwenye pampu shafti itabebwa na beringi. Senta zitabaki karakana. Fundi akisoma kisanduku hicho anajua mara moja kwamba vikalio vyote vitatu vimalizwe kati ya senta bila kubadili mshiko. Akikereza nusu, akageuza kwenye chaki ya taya tatu iliyochoka, anaweza kupata 0.1 bila kujua, kwa sababu maikromita hupima kipenyo na haioni kuyumba. Kuyumba kunaonwa na daili geji.

Vipimo visivyo na ruhusa yake mwenyewe, kama urefu wa jumla na vipenyo vya katikati, vinatawaliwa na neno moja pembeni mwa mchoro: ISO 2768-m, kanuni ya ruhusa za jumla, m ikiwa daraja la kati. Hiyo inatoa ±0.2 kwa milimita 6 hadi 30, ±0.3 hadi 120, ±0.5 hadi 400. Inafaa sana, mradi jedwali limebandikwa ukutani karakana. Tumeona, na ninyi mmeona, michoro ambayo maneno hayo yamenakiliwa tu kutoka mchoro mwingine.

Urefu nao una mtego. Ukiandika hatua tano za shafti moja baada ya nyingine, kila moja ±0.2, bega la mwisho linaweza kuwa limekosea milimita moja nzima na fundi hana kosa hata moja. Pima zote kutoka bega moja, lile la beringi iliyofungwa, na kila hatua itabaki na ±0.2 yake. Wala usifunge mnyororo kwa kuandika hatua zote pamoja na jumla. Acha mmoja wazi, ule usio na kazi.

Tuje kwenye sampuli, maana hapa Mombasa kazi nyingi hazianzi na mchoro. Zinaanza na kipande kimefungwa gazetini: “Fundi, nifanyie kama hii.” Kama hii ni kama ipi? Kama ilivyozaliwa au kama ilivyochakaa? Bushi ya bronzi inakuja na tundu la 40.6 lililokuwa yai, pini yake ni 39.7. Ukinakili, umemuuzia mteja uchakavu mpya. Pima pini mahali ambapo bushi haikufika, mwishoni au chini ya bega, utakuta 39.96 hivi, na hapo unatambua 40 f7, yaani −0.025 na −0.050. Bushi mpe 40 H8, sifuri hadi +0.039. Mwanya utakuwa 0.025 hadi 0.089, mafuta yanapita. Soma namba za beringi, maana tundu la beringi linakwambia shafti ilizaliwa ngapi. Na kumbuka mashine nyingi kuukuu zinazoshuka hapa bandarini ni za inchi: ukipata 12.65, hiyo ni nusu inchi iliyochakaa, 12.7, wala si 12.5 iliyonenepa.

Bushi ina jambo lingine. Nje yake, tuseme 50 p6, inabana ndani ya 50 H7 hadi 0.042. Ikisukumwa ndani, tundu lake linasinyaa kwa sehemu kubwa ya mbano huo. Aliyekereza tundu sahihi mezani anashangaa pini haiingii, anachukua tupa au msasa, kazi imeharibika. Mchoro useme: “40 H8 baada ya kusukumwa”, na fundi aache kidogo cha kumalizia kwa rima.

Flenji tutazipitia haraka, lakini haziachiki. Flenji ya DN100 PN16, yaani ya bomba la 100 na shinikizo la bar 16, ina matundu manane ya 18 juu ya duara la 180. Ile ya inchi nne, daraja la 150 la Kimarekani, ina manane pia, juu ya duara la 190.5. Kwa macho zinafanana, na bolti hazitaingia hata uzipake sabuni. Kwenye tundu la 18 na bolti ya M16 una milimita mbili za kuchezea, na kwa kuwa flenji zote mbili zina matundu ya wazi, kila tundu linaruhusiwa kukosea ndani ya duara la Ø2. Ukiandika kwa njia ya zamani, kushoto-kulia na juu-chini, itabidi uandike ±0.7, na huo ni mraba uliomo ndani ya duara hilo. Duara linazidi mraba kwa asilimia 57, na tundu linalofaa unalitupa bure. Hoja hiyo ya duara ilianza na Stanley Parker, aliyekuwa kwenye kiwanda cha torpedo huko Alexandria, Uskoti, nyakati za Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kutoboa kwa mkono, usitembeze bikari tundu kwa tundu mara nane: ukikosea 0.3 kila hatua, pengo la mwisho lina 2.4. Gawanya kwanza mara nne, umbali 127.3, kisha kata katikati, 68.9.

Na kama flenji au kiunzi kitachovywa kwenye zinki, kwa chumvi hii ya Pwani vingi huchovywa, zinki kwenye chuma kinene huongeza mikroni 85 hivi kila upande. Tundu la 18 linakuwa 17.83, na uzi wa nati unajaa. Mchoro useme kipimo ni cha kabla au cha baada ya zinki.

La mwisho ni joto. Tangu 1931 vipimo vyote duniani husomwa kwenye nyuzi 20. Karakana ya mabati wakati wa kaskazi inapita 32. Chuma kikipimwa kwa chombo cha chuma, vyote vikiwa na joto moja, tofauti inajifuta. Alumini haijifuti: nyumba ya alumini yenye tundu la 110 kwenye nyuzi 32 itasoma 0.015 zaidi, karibu nusu ya ruhusa ya H7. Na shafti yetu, ikitoka leithi na nyuzi 60 huku maikromita ina 30, imevimba 0.017. Ruhusa yote ni 0.016. Fundi anaipima sawasawa, anaipitisha, inapoa, inakuwa ya kuingia.

Kalipa ya 0.02 msiitumie kwa k6 kabisa. Mstari wake mmoja umeshapita ruhusa nzima. Mezani tumeweka maikromita nne za 50 hadi 75 na pini zake za 50. Ya 25 hadi 50 tumeiacha kabatini, kwa kuwa shafti hii inapita hamsini. Hakikisheni sifuri kwa pini kwanza, safisheni nyuso kwa karatasi, msikaze kwa nguvu ya kidole bali kwa kile kifundo cha mwisho. Shafti imetoka leithi sasa hivi, bado ni ya moto. Ipimeni sehemu tatu, pembe mbili kila sehemu, mwandike namba sita. Kisha tunywe chai, na tukirudi mpime tena pale pale.